Kuchagua pevingi za njia ya gari nyumbani: mwongozo kamili kwa wajenzi wa Nyanda za Juu Kusini

Ukifika kwenye yadi ya pevingi, iwe Mbeya, Makambako au Iringa mjini, muuzaji atakuonyesha rangi kwanza, halafu umbo, halafu atataja bei. Unene utauuliza mwenyewe kama unaufahamu. Udongo wa kiwanja chako hakuna atakayeuulizia. Ndiyo maana njia nyingi za gari zinaanza kubonyea mvua za msimu wa kwanza zikishapita, na mwenye nyumba anabaki kulaumu vitofali ambavyo pengine havina kosa.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na muuzaji. Tunaanza na gari zito litakalopita, kisha udongo, kisha maji, ndipo tufike kwenye unene, umbo na ubora wa kitofali. Rangi tutaigusa kwa kifupi. Msimamo wetu tuuseme mapema: pevingi ya sentimita 6 iliyokaa juu ya kifusi (moramu, udongo wa changarawe wa kujazia chini) kilichoshindiliwa vizuri inaishi kuliko ya sentimita 8 iliyotandazwa juu ya mchanga na udongo mtupu. Bajeti ikibana, punguza urembo au eneo, lakini usiguse kilicho chini.

Gari zito kuliko yote

Gari lako la kila siku lisikusumbue. IST au Noah haiwezi kuivunja pevingi ya kawaida. Hesabu magari yanayokuja mara moja moja: Fuso la mchanga siku utakapojenga vyumba vya uani, boza la maji mgao ukizidi, na hasa gari la kunyonya majitaka. Gari la majitaka la lita 10,000 likijaa limebeba tani 10 za mzigo peke yake, bado uzito wa gari lenyewe. Na linajaa likiwa ndani kwako, kwa hiyo linatoka likiwa zito kuliko lilivyoingia.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: shimo la choo liko wapi? Kama liko mbele karibu na geti na mpira wa kunyonyea unafika gari likiwa barabarani, njia yako ni ya magari madogo na sentimita 6 inatosha. Kama liko nyuma ya nyumba na gari lazima lipite mlangoni, chukua sentimita 8 kwa njia nzima litakakopita, kifusi nacho kiongezeke. Unaweza kuchanganya: sentimita 8 kwenye njia, sentimita 6 kwenye sehemu ya kuegesha na pembeni. Uso utabaki sawa, ila fundi lazima ajue mapema, kwa sababu kina cha kuchimba kinatofautiana kwa sentimita 2, na zaidi kifusi kikiongezwa.

Sentimita 5 ni za vijia vya miguu. Ziko sokoni, bei yake inavutia, na kuna mafundi watakaokuambia zinabeba gari. Zinabeba, kwa muda. Kitofali chembamba kikikanyagwa ukingoni na tairi kinazunguka kwenye mchanga na kuinua ubavu wa pili, kisha kinalegeza jirani yake. Unene unasaidia zaidi hapo, kuzuia mzunguko huo, kwa kuwa ubavu mrefu unashikana na wenzake kwa eneo kubwa.

Udongo: chimba kabla ya kununua

Chimba mashimo matatu kwenye mstari wa njia yako, kila moja la sentimita 60, moja karibu na geti, moja katikati na moja gari linapoegeshwa. Angalia udongo wa juu wenye mizizi unaishia wapi, maana huo wote utaondoka, hata ukiwa sentimita 30. Kisha mwaga ndoo ya maji kwenye kila shimo. Yakinywewa upesi, una udongo unaopitisha. Yakikaa hadi jioni, umekutana na mfinyanzi, na mfinyanzi ukilowa unapoteza nguvu.

Ukanda huu una udongo wa kila namna, na kinachofaa Iringa hakifai Tukuyu. Maeneo mengi ya Iringa na Mufindi yana udongo mwekundu mgumu, mara nyingi wenye changarawe ndani. Huo ni mzuri. Ukishaondoa wa juu, sentimita 10 hadi 15 za kifusi kilichoshindiliwa zinatosha magari madogo. Rungwe ni habari nyingine. Udongo wa volkano ni mwepesi, una rutuba, unapitisha maji vizuri, lakini ukikanyagwakanyagwa ukiwa umelowa unageuka uji. Mvua za Tukuyu zinazidi milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo muda wa kuukuta umekauka ni mfupi. Weka kifusi cha sentimita 20 au zaidi, na usiruhusu lori lizunguke juu ya shimo lililochimbwa. Jiji la Mbeya liko katikati ya hayo mawili, na mara nyingi kiwanja kimoja kina udongo wa aina mbili, hasa kule miinukoni chini ya Loleza ambako nusu ya kiwanja imechimbwa na nusu imejazwa ili kupata usawa. Sehemu iliyojazwa ndiyo itakayotitia.

Mbaya kuliko yote ni udongo mweusi wa mbuga kama ule wa tambarare za Usangu, pande za Rujewa na Ubaruku. Huo unavimba mvua zikinyesha na kupasuka nyufa kiangazi. Hakuna pevingi inayoushinda. Ondoa sentimita 30 au zaidi, tandaza jiotekstaili, kile kitambaa kigumu cha kutenganisha udongo na kifusi, kisha jaza moramu kwa tabaka. Gharama hiyo ikikushinda, weka changarawe tu kwanza, pevingi zisubiri.

Utasikia kauli hii: "Bosi, ardhi ya hapa ni ngumu yenyewe, kifusi cha nini?" Inasemwa mwezi wa nane, ardhi ikiwa kavu kama jiwe. Mwambie fundi arudi aiseme mwezi wa pili.

Maji yaende wapi

Pevingi iliyojaa mchanga kwenye viungo inapitisha maji kidogo tu. Mengi yanatembea juu. Uso wote unahitaji mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ukitoka nyumbani kwenda nje. Njia yenye upana wa mita 4 inayomwaga upande mmoja itakuwa na tofauti ya sentimita 8 kati ya ukingo na ukingo. Jicho halioni sana, maji yanaona. Mteremko huo unaanzia kwenye udongo uliochimbwa na unafuatwa na kila tabaka. Fundi anayechimba tambarare kisha akatengeneza mteremko kwa kuzidisha mchanga upande mmoja ameshakuharibia kazi, kwa sababu mchanga wa sentimita 8 utabonyea na ule wa sentimita 3 hautabonyea.

Kama nyumba iko chini ya barabara, jambo la kawaida Mbeya mjini, maji yote ya njia yanakimbilia barazani. Hapo weka mtaro mdogo wenye wavu wa chuma unaokatiza njia kabla ya mlango wa gereji, na uupe pa kumwagia pasipo ukuta wa jirani. Kama nyumba iko juu, maji yanatoka getini kwa kasi na kuchimba chini ya kitofali cha mwisho. Pale malizia kwa boriti ya zege iliyozama chini kuliko kifusi, sentimita 30 au 40 kwenda chini.

Getini kuna suala la mtaro wa barabara. Usiufukie na usiujengee juu bila kuuliza. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS (wakala wa barabara nchini); kalavati na kila unachokiweka ndani ya hifadhi ya barabara kinahitaji idhini yao. Kalavati dogo kupita kiasi ni baya kuliko kukosa kalavati, maana linaziba kwa mchanga na majani, na maji yanageukia pevingi zako.

Kabla hujafunika, pitisha mabomba matupu ya inchi 4 chini ya njia, mawili yanatosha, moja karibu na geti na moja karibu na nyumba, yazibwe ncha zote. Siku utakapotaka waya wa taa, kamera au bomba la maji ya bustani, hutafukua.

Umbo na mpangilio

Maumbo ya kawaida ni manne: mstatili wa sentimita 20 kwa 10, zigizaga, lile linalofanana na herufi I, na pembe sita. Kwa njia ya gari chagua mstatili au zigizaga. Umbo la I nalo linashikana vizuri, ila linakubali mpangilio mmoja tu. Pembe sita linapendeza kwenye uwanja wa kuketi. Kwenye njia ya gari linawapa mafundi shida kubwa ya kukata kingo, na vipande vidogo ndivyo vinavyong'oka kwanza.

Mpangilio una uzito kuliko umbo. Vitofali vya mstatili vikipangwa kama mifupa ya samaki, kimoja kikielekea huku na kingine kikipishana naye, msukumo wa tairi unagawanywa pande zote na hakuna mstari mrefu unaoweza kufunguka. Huo ndio wa njia ya gari, na mahali penye mteremko mkali haubadilishwi na mwingine. Mpangilio wa tofali la ukutani unakubalika kwenye tambarare, kwa sharti moja: mistari mirefu ikatize njia, isiende sambamba na gari. Mistari ikifuata mwendo wa tairi, breki za kila siku zitaisukuma hadi uone nafasi za kuingiza kidole. Mpangilio wa mkeka, viwili huku viwili kule, uache kwenye baraza.

Yadini: kagua kwa mikono

Kuna pevingi za mashine, zinazoshindiliwa kwa mtetemo na mgandamizo zikiwa na zege karibu kavu, na kuna za fomu za plastiki, zinazomiminwa zege lenye maji na kuachwa ziganduke. Za plastiki zinang'aa, na huo mng'ao ndio unaouza. Kwenye kijia kinachopanda, asubuhi yenye ukungu na manyunyu, uso unaong'aa ni utelezi mtupu kwa mguu na kwa tairi. Isitoshe, maji mengi kwenye zege yanapunguza nguvu. Kwa miinuko ya huku tunapendekeza za mashine zenye uso wa chengachenga, hata kama hazipendezi machoni.

Usichague kitofali ulichopewa mkononi. Toa kumi kutoka sehemu tofauti za rundo, pamoja na katikati na chini, kisha fanya haya:

1. Vipange kumi kwa ubavu, uso kwa mgongo, kisha pima. Vya sentimita 6 vinapaswa kutoa sentimita 60 hivi. Kisha pima kimoja kimoja: tofauti ikizidi milimita 3 kati ya kimoja na kingine, uso wa njia yako utakuwa wa meno.

2. Gonganisha viwiliviwili. Vilivyokomaa vinalia mlio mkavu wa juu. Vyenye nyufa au saruji haba vinatoa mlio uliokufa.

3. Kwaruza uso na kona kwa msumari kwa nguvu. Alama nyeupe nyembamba ni sawa. Ukichimba mfereji na mchanga ukidondoka, achana navyo.

4. Vunja kimoja kwa nyundo. Muuzaji anayejiamini hakatai. Ndani pawe na kokoto ndogo zilizosambaa sawasawa, bila matundu makubwa, na baadhi ya kokoto ziwe zimepasuka pamoja na saruji. Kokoto zote zikitoka nzima na kuacha mashimo safi, saruji haikushika.

5. Chukua kimoja kikavu kabisa ukipime kwa mizani ya dukani, ukizamishe majini saa 24, ukifute, upime tena. Kitofali cha sentimita 20 kwa 10 kwa 6 kina ujazo wa lita 1.2 na uzito wa kilo 2.7 hivi au zaidi kidogo. Kikiongezeka gramu 160 au pungufu, ni kizuri. Kikinywa gramu 250, ni sponji. Kikiwa chepesi tangu mwanzo, chini ya kilo 2.5, hata maji usihangaike nayo.

Halafu uliza swali moja ambalo wauzaji wengi hawalitarajii: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatoa vitofali vingapi? Hesabu yake ni rahisi. Zege la kubeba magari linahitaji kilo 350 hadi 380 za saruji kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7 hadi 7.6. Mita hiyo ya ujazo inatoa vitofali 833 vya lita 1.2. Kwa hiyo mfuko mmoja unatoa 110 hadi 120 vya sentimita 6, au kama 85 vya sentimita 8. Akijibu kwa fahari kwamba anatoa 180, amekuambia mwenyewe kwamba mita ya ujazo ina mifuko isiyofika mitano. Hiyo ni zege ya msingi wa uzio, si ya tairi.

Umri nao uulize. Zege linaendelea kupata nguvu hadi siku ya 28 na baada yake, mradi limwagiwe maji siku saba za kwanza na lifunikwe. Baridi inachelewesha kazi hiyo, na halijoto ikishuka chini ya nyuzi 5 inakaribia kusimama. Vitofali vilivyomwagwa Njombe au Makete mwezi wa sita, usiku ukiganda hivyo, vikiwa na wiki mbili bado ni vichanga hata kama vinaonekana vikavu. Nunua vilivyomwagwa mapema, au lipa amana uviache yadini vikomae. Kuvipakia lorini vikiwa vichanga ndiko kunakotoa kona zilizomegeka.

Kwa kazi kubwa, tuseme mita za mraba 300 na zaidi, peleka sampuli maabara ya vifaa vya ujenzi ikapimwe mgandamizo. Omba angalau megapaskali 30 (kipimo cha nguvu ya zege) kwa magari madogo.

Rangi: vunja kitofali uone. Kingine kina rangi hadi ndani, kingine kina tabaka la juu la milimita 5 hadi 10, vyote ni halali. Kilichopakwa rangi juu baada ya kukauka si halali. Kisugue kwa kitambaa chenye maji na utaiona kitambaani. Nyekundu, nyeusi na kahawia zinazotokana na oksidi ya chuma hazififii upesi. Kijivu cheupe hakifai mahali penye vumbi jekundu, na vumbi jekundu ndilo tulilonalo kuanzia Iringa hadi Makambako. Ule unga mweupe unaojitokeza miezi ya kwanza ni chokaa ya saruji inayotoka na maji. Mvua zitauondoa, usimwage tindikali.

Hesabu ya vifaa

Tuchukue njia ya mita 15 kwa mita 4, yaani mita za mraba 60, vitofali vya 20 kwa 10 kwa 6, kifusi cha sentimita 15.

Vitofali 50 vinaingia kwenye mita moja ya mraba, jumla 3,000. Ongeza asilimia 5 ya kuvunjika na kukata: 3,150. Mifupa ya samaki ikilazwa kwa mshazari, ongeza asilimia 10. Zigizaga za kawaida zinaingia kama 39 kwa mita. Mzigo wa vitofali hivyo 3,150 unafika tani 8.5 hivi, vikiwa vya sentimita 8 unavuka tani 11, kwa hiyo usafiri nao unabadilika.

Kifusi kikishashindiliwa ni mita za ujazo 9. Kikiwa kwenye lori bado hakijashindiliwa, kwa hiyo agiza 12. Neno "tripu" lisikupumbaze: pima bodi ya lori mwenyewe. Bodi ya urefu wa mita 3.5, upana mita 2 na kina sentimita 60 inabeba mita za ujazo 4.2, basi tripu tatu zinatosha, zikiwa zimejaa.

Mchanga wa kulalia: mita za ujazo 2.5. Mchanga laini wa viungo: robo ya mita ya ujazo. Ukingo wa kuzunguka: mita 38, na zege la kuushika kama mita 1.2 za ujazo, mifuko 5 hadi 6 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto).

Udongo wa kuchimba: kina ni 6 za kitofali + 3 za mchanga + 15 za kifusi, sentimita 24, mita za ujazo zaidi ya 14. Panga mapema unakwenda wapi. Bei ya fundi "kwa mita" iulizwe inajumuisha nini: vitofali tu, vitofali na kuweka, au pamoja na kuchimba, kifusi, ukingo na mashine. Bei mbili zinazoonekana kupishana sana mara nyingi zinazungumzia kazi mbili tofauti.

Kuweka

Kazi ifanyike kati ya Juni na Oktoba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, na shimo lililo wazi likinyeshewa lazima likauke upya au lichimbwe tena.

Chimba upana unaozidi njia kwa sentimita 15 kila upande, ili ukingo na zege lake vikae juu ya kifusi. Shindilia udongo wa chini, kisha mwaga moramu kwa tabaka zisizozidi sentimita 10, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine, mizunguko minne au mitano. Mashine ndogo ya sahani ya kilo 90 haifikii chini ya tabaka la sentimita 15. Utakuwa na ngozi ngumu juu na ulaini chini. Unyevu upime kwa ngumi: bana moramu, ifungue. Ikishika umbo na ukiidondosha ikavunjika vipande viwili vitatu, iko sawa. Ikisambaratika, nyunyizia maji. Ikiacha kiganja kimelowa, subiri. Uso wa kifusi uwe umekaribia usawa wa mwisho, usibonyee kuzidi sentimita 1 chini ya ubao wa mita 3.

Ukingo uwekwe kabla ya vitofali, ukiwa na zege chini na mgongoni. Ni hatua inayorukwa sana kwa sababu haionekani. Bila ukingo, mchanga unatoka pembeni, mstari wa mwisho unahama, na baada yake wa pili na wa tatu.

Mchanga wa kulalia uwe wa chenga, wa mto, usio na udongo. Upime kwa chupa: jaza nusu mchanga, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa, acha saa tatu. Matope yanayokaa juu ya mchanga wa sentimita 10 yasizidi milimita 8. Mchanga mwepesi wa volkano wenye vijiwe vya povu, unaopatikana kwa wingi Mbeya na Rungwe, usiutumie hapa hata kama ni wa bure. Vijiwe hivyo vinasagika chini ya tairi na njia inashuka polepole. Vumbi la kokoto nalo likiwa na unga mwingi linashika maji.

Laza mabomba mawili ya maji ya inchi moja juu ya kifusi. Kipenyo chake cha nje ni kama milimita 33. Mwaga mchanga katikati, vuta ubao juu yake, ondoa mabomba, ziba mifereji, na usikanyage tena. Mchanga haushindiliwi kabla ya vitofali. Na usichanganye saruji humo ukidhani unaimarisha: chini panakuwa sahani nyembamba inayopasuka, na faida ya pevingi ya kufumuliwa na kurudishwa inapotea.

Pata kona ya mraba kwa kipimo cha 3, 4, 5: mita 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na mshazari kati ya ncha hizo uwe 5. Anzia chini ya mteremko kupanda juu, fundi akisimama juu ya vitofali vilivyokwisha kulazwa. Nafasi kati ya kitofali na kitofali ni milimita 2 hadi 5. Vikigusana kabisa kona zitamegeka. Changanya kutoka marundo matatu ili tofauti za rangi zisifanye mabaka. Kipande cha kukata kisiwe chini ya theluthi ya kitofali. Kikija kidogo hivyo, kata viwili vikubwa badala yake. Acha uso juu ya usawa unaotaka kwa milimita 5 hadi 10, maana mashine itaushusha.

Pitisha mashine mara mbili, ikiwa na mpira au zulia kuukuu chini ya sahani. Kazi ikisimama katikati, usifikishe mashine mita ya mwisho ambako hakuna ukingo. Kisha mwaga mchanga laini mkavu, uliopita kwenye wavu wa mbu, ufagie kwenye viungo, pitisha mashine, fagia tena hadi viungo vijae. Saruji isiingie kwenye viungo. Itapasuka na kuacha mianya ya maji. Mchanga ukiwa umejaa, gari dogo linaweza kupita siku hiyohiyo.

Kusoma dosari

Njia ikianza kuharibika, itazame kabla ya kuita fundi. Mifereji miwili inayofuata tairi ni kifusi chembamba au kisichoshindiliwa. Shimo moja mahali pamoja, hasa juu ya bomba, ni mfereji uliojazwa bila kushindiliwa au bomba linavuja. Angalia mita ya maji usiku bomba zote zikiwa zimefungwa. Vitofali vinavyocheza huku mchanga wa viungo ukitoweka ni maji yanayopita chini na kuubeba mchanga, tafuta yanakoingilia. Viungo vinavyopanuka kuelekea pembeni ni ukingo. Uso unaosagika wenyewe, vumbi la kijivu kila ukifagia, hapo ndipo kosa ni la kitofali.

Mchanga wa viungo uongezwe mwezi mmoja baada ya kazi, na tena kila Oktoba. Tukuyu na sehemu za kivuli zinaota ukoga wa kijani. Sugua kwa brashi ngumu na sabuni wakati wa ukavu. Mashine ya maji ya presha ikitumika, shika bomba kwa mshazari, na uwe na mchanga wa kurudishia.

Kufumua sehemu iliyozama, ondoa kitofali cha kwanza kwa kuingiza bisibisi mbili bapa kwenye viungo vya pande zinazotazamana, ukichezesha zote pamoja. Vinavyofuata vinatoka kwa mkono. Fumua nusu mita kuzidi shimo lenyewe, rekebisha kifusi na si mchanga tu, rudisha. Na siku ya kununua, weka pembeni vitofali 50 vya rundo lilelile, uvihifadhi nje kwenye jua na mvua. Vilivyokaa stoo vitakuwa na rangi mpya kuliko wenzao, na kiraka kitaonekana kuanzia getini.